Kutoka Katuba hadi Bunkeya: siku saba za kurekodi kipindi kimoja

Safari hii ni ya kipindi kimoja tu cha podikasti, dakika 35, kuhusu gitaa la vidole la Katanga, kusini mwa Kongo, na karindula, banjo kubwa ya pipa. Inaanzia Lubumbashi, inapanda Likasi, inafika Bunkeya, kisha inarudi mezani. Msimu ni kiangazi, Juni au Julai. Masika haifai, maana mvua ikianza kupiga mabati hakuna maikrofoni itakayokuokoa, na barabara ya Bunkeya nayo ina maneno yake.

Jumatatu, Lubumbashi: begi na daftari

Begi moja linatosha. Ndani yake kuna kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90, kofia ya manyoya ya kuzuia upepo, stendi fupi na stendi ndefu, hedifoni za kufunika masikio, maiki ndogo ya kubana shatini kwa mazungumzo, kadi mbili za GB 32, betri, leso mbili safi na daftari. Kazi ya leso itaonekana Likasi.

Kinasa kiwekwe WAV, 48 kHz, biti 24, stirio. Kwa kiwango hicho saa moja inakula karibu GB 1, kwa hiyo kadi moja inabeba saa 30 na hakuna sababu ya kubana ubora ili kuokoa nafasi. Kadi ifutwe ndani ya kinasa chenyewe. Ikifutwa kwenye kompyuta, mpangilio wa faili unaweza kutofautiana na ule kinasa kinaoutaka, na kosa hilo hujitokeza katikati ya wimbo. Vinasa vingi hukata faili kila inapofika GB 2, yaani kila baada ya saa mbili hivi. Mtu asishtuke akiona faili mbili. Aziunganishe tu kwa mfuatano.

Betri ndizo huua kazi nyingi kuliko kitu kingine. Za kuchaji zina volti 1.2, za kawaida 1.5. Kama menyu ya kinasa haikuambiwa ni aina gani, kipimo kitadanganya: kitaonyesha zimejaa nusu, halafu kizimike. Betri za rejareja sokoni nyingine hukaa dakika 20. Zijaribiwe leo, nyumbani, kinasa kikiwa kimewashwa mfululizo, badala ya kuja kujaribiwa kesho mbele ya wazee. Umeme wa kuchaji nao usisubiriwe usiku wa mwisho. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, haina adabu: hapa mjini kata ya Kenya inaweza kuwa na umeme wakati kata ya Katuba iko gizani, na kesho ikawa kinyume.

Kipengele kiitwacho kurekebisha sauti chenyewe kizimwe. Mpigaji akinyamaza, kinasa kinadhani sauti imepungua, kinapandisha. Kuku, pikipiki na upepo vinajaa. Akianza tena, milio mitatu ya kwanza inapasuka. Msikilizaji anasikia wimbo unahema kama mgonjwa, na hakuna programu ya kuondoa hilo baadaye. Kiwango kiwekwe kwa mkono, vilele vya juu viguse desibeli 12 chini ya sifuri. Kinasa kikiwa na uwezo wa kuandika nakala ya pili iliyo chini zaidi, uwashwe.

Daftari lina safu saba, nazo ndizo kipindi chenyewe: jina la mpigaji kama anavyotaka litamkwe, mahali, tarehe, jina la wimbo, lugha, alivyokaza nyuzi, na nani alimfundisha. Podikasti nyingi za muziki wa asili zina sauti nzuri na safu hizi tupu. Mtangazaji anabaki akisema «wimbo wa zamani wa kienyeji», maneno ambayo hayamwambii msikilizaji kitu. Sauti isipochukuliwa pamoja na funguo zake, yaani safu hizi, papo hapo, funguo hazirudi.

Jumanne, Katuba: karindula

Karindula ni kama banjo iliyokua ikapita kiasi. Tumbo lake ni pipa la mafuta, juu imewambwa ngozi ya mbuzi, shingo ni ndefu, nyuzi ni nne. Kwa kawaida haiji peke yake. Huandamana na gitaa ndogo za kuchonga, ngoma, waimbaji na wachezaji. Ni muziki wa Lubumbashi hasa, wa lupango (ua wa nyumba) na wa kilio. Upande wa Zambia kuna kalindula, jina ndugu na ala ndugu, lakini muziki umeenda njia yake. Anayetafuta mifano mtandaoni bila kuangalia herufi hiyo moja atajaza kipindi chake nyimbo za ng'ambo ya Kasumbalesa akidhani ni za Katuba.

Kabla ya chochote, ngozi. Asubuhi ya Juni Lubumbashi ni baridi, ngozi imelegea kwa umande wa usiku, na sauti yake ni ya godoro. Wapigaji wanaiweka juani au karibu na moto wa majani hadi ikaze. Dakika hizo zirekodiwe. Mtu anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anaigeuza, anaigonga tena upande wa pili. Mlio unapanda kidogo kidogo mpaka siku hiyo inapata sauti yake. Dakika moja ya hapo, bila maneno, ni ufunguzi mzuri kuliko muziki wa kununua. Ubaya ni kwamba ngozi hulegea au kukaza tena katikati ya kazi, kwa hiyo nyimbo mbili zilizorekodiwa kwa kupishana saa moja hazitakuwa na sauti moja. Usizikate na kuziunga pamoja.

Maikrofoni isiwekwe mbele ya ngozi. Ukiiweka sentimita 30 kutoka katikati ya pipa unapata tumbo tupu, vuu vuu, na vidole havisikiki. Mahali pazuri ni mita moja hivi, kwa mshazari, ikitazama pale ngozi inapokutana na shingo. Sababu ni ya msikilizaji: wengi wanasikiliza kwa spika ya simu, ambayo haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200 hivi. Besi yote ya pipa inapotea. Kinachobaki ni mguso wa kidole kwenye waya na kwenye ngozi, huko juu, karibu na Hz 1,000 hadi 2,000. Ukiukamata mguso huo, sikio linajijazia besi lenyewe. Ukiukosa, kwenye simu karindula inakuwa mtu anayegonga mlango wa jirani.

Swichi ya kukata besi kwenye kinasa, ile ya Hz 80, ibaki imezimwa leo. Ni ya sauti za watu, si ya pipa.

Kundi likiwa kamili, zana zipangwe kwa umbali, si kwa nguvu ya mkono. Ngoma nyuma, mita tatu. Karindula katikati. Mwimbaji mbele, pembeni kidogo ya maiki, kichwa kikiwa kimegeuzwa ili pumzi isipige moja kwa moja. Kuwaambia wapiga ngoma wapunguze ni kazi bure. Ngoma ya kupunguzwa si ngoma ile. Warudi nyuma hatua mbili, ndiyo tiba. Mahali pa kusimamisha kinasa patafutwe kwa sikio moja: ziba moja kwa kiganja, tembea polepole mbele ya kundi, na pale unaposikia sauti zote bila kukaza fikira ndipo stendi inaposimama. Masikio mawili hudanganya, yanachagua. Moja linasikia kama maiki.

Watoto watajaa. Kuwafukuza hakufai, na sauti yao ni sehemu ya mahali. Mtu mmoja wa kundi asimame kwenye lango la lupango na kazi yake iwe moja: kuzuia pikipiki na muziki wa duka la jirani, kwa kumwomba mwenye duka dakika kumi kumi. Dakika kumi watu wanatoa. Saa mbili hawatoi.

Tahadhari moja. Karindula hupigwa kwenye kilio, na hapo ruhusa haiko kwa kiongozi wa kundi. Iko kwa mkubwa wa familia yenye msiba. Kilio cha watu kisirekodiwe hata kama ruhusa ya muziki imetolewa. Kinasa kizimwe, na kizimwe kwa namna ambayo watu wanaona kimezimwa.

Jumatano, barabara ya Likasi

Kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, lami, peaji (kituo cha kulipia barabara), na malori ya madini yasiyo na haraka mpaka unapotaka kuyapita. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kinasa kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki; vumbi jekundu la kiangazi likiingia kwenye kitufe cha sauti, kitakwaruza kila kikiguswa.

Hakuna cha kurekodi njiani zaidi ya dakika mbili za soko la kando ya barabara, za kufunika mkato kati ya sehemu mbili za kipindi. Jioni, Likasi, kumtembelea mpigaji bila kinasa. Kusalimiana, kula bukari (ugali), kusikiliza gitaa likoje. Kama nyuzi zimeshika kutu na mtu anataka kumpa seti mpya, ampe leo jioni au baada ya kazi, kamwe si asubuhi ya kurekodi. Waya mpya hunyooka siku nzima, sauti inashuka kila wimbo, na mpigaji anaonekana hajui kukaza gitaa lake.

Alhamisi, Likasi: kidole gumba na cha shahada

Mji huu uliitwa Jadotville hadi 1966. Hapa ndipo mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipomrekodi kijana wa miaka ishirini na kidogo, Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa 1930. Rekodi zile zilitoka kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani kama hiyo unabeba dakika tatu hivi. Tunazozijua kama nyimbo za dakika tatu ni kipimo cha sahani. Mezani kwa mpigaji wimbo huohuo unaweza kwenda dakika nane, ukizunguka, ukiongeza ubeti, ukirudi. Mtangazaji asimkatize kwenye dakika ya tatu kwa sababu rekodi ya zamani iliishia hapo. Bosco alifika hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, akafa 1990. Mtindo haukufa naye, ila umepungua mikono.

Kwa nini gitaa lilikomaa huku? Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imeanzishwa 1906, na kambi za wafanyakazi zikajaa watu wa Kasai, wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Rwanda na Urundi. Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Gitaa moja linalobebeka, mtu mmoja anayetoa besi na wimbo kwa pamoja bila kundi, lilifaa maisha hayo ya chumba kimoja na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hayo yaingie kwenye kipindi kwa sentensi tatu kama hizi, si kwa dakika kumi. Aliyefungua kipindi cha muziki alikuja kusikia muziki.

Kazi inaanza saa nne, si mapema. Gitaa lililolala kwenye baridi likiletwa juani, nyuzi za chuma zinapata joto, zinatanuka, sauti inashuka. Likae nusu saa pale litakapopigwa, kivulini, kisha likazwe.

Chumba chenye kitanda, nguo na pazia ni bora kuliko sebule ya saruji na mabati. Saruji inarudisha sauti, gitaa linakuwa kama limo ndani ya birika. Kama hakuna chumba, barazani, mgongo wa mpigaji ukielekea ukuta wa nje na maiki ikitazama ukuta, hivyo barabara inabaki nyuma ya maiki. Umbali ni sentimita 25 hadi 30, maiki ikielekea freti ya kumi na mbili, hapo shingo inapokaribia tumbo. Isielekee tundu. Hewa inayotoka kwenye tundu inavuma karibu na Hz 100, na kila besi ikigusa eneo hilo inaruka juu kuliko wenzake. Akiimba pia, kinasa kipande kidogo, kikae usawa wa kifua, na kisogee hadi sentimita 60. Kinasa kimoja kwenye mahali pazuri kinashinda maiki mbili zilizowekwa ovyo, ambazo sauti zake hufutana.

Jenereta ya jirani izimwe. Hili linastahili maneno mengi kuliko yote kwa sababu watu husema «tutasafisha kwenye kompyuta». Umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wake unajirudia kwenye 100 na 150. Sasa angalia nyuzi: E ya chini ni Hz 82, A ni 110, na G inayobanwa freti ya tatu ya waya wa sita ni Hz 98. Ukichonga 100 ili kuondoa mvumo, unachonga na G. Katika mkao wa C, ambao wapigaji wengi wa mtindo huu wanaupenda, G ndiyo besi ambayo gumba linarudi kwayo kila mara. Utabaki na wimbo wenye pengo kwenye mguu mmoja. Zaidi ya hapo, jenereta ndogo haikai kwenye 50. Inapanda 51, 52, inashuka mzigo ukiongezeka, na mchongo wako unabaki unakata mahali ambapo mvumo haupo. Lita moja ya mafuta kwa jirani baada ya kazi ni nafuu.

Simu zote ziwekwe hali ya ndegeni, si kimya tu. Simu inayotafuta mtandao hutoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki ndani ya waya wa maiki.

Sasa funguo. Kabla ya wimbo, mpigaji apige nyuzi wazi, kuanzia wa sita hadi wa kwanza, kila mmoja sekunde nne, bila kusema. Kama ametumia kapo ya kienyeji, kalamu ya risasi iliyofungwa shingoni kwa mpira au kamba, iandikwe iko freti ya ngapi na nyuzi zipigwe nayo na bila yake. Gitaa likiwa chini ya kipimo cha kawaida, A ya Hz 440, liachwe. Ndiko sauti ya mwimbaji ilipo, na kulipandisha ili lilingane na programu ya simu ni kumnyima koo lake.

Kisha wimbo mzima, bila kukatizwa. Kisha pole pole. Ombi la kwanza la watangazaji huwa «tupigie gumba peke yake», na hapa kazi hukwama. Mkono huu ulijifunza vidole viwili kwa pamoja. Gumba linakwenda chini kwenye besi, cha shahada kinachomoa wimbo juu, na kimoja kikinyamaza kingine kinapotea. Mpigaji anajaribu, anacheka, anaharibu, anaanza kuona haya. Usimtenganishe. Chukua leso, ikunje, iingize chini ya nyuzi tatu za juu, karibu kabisa na pale zinapofungwa kwenye tumbo la gitaa. Apige kama kawaida. Nyuzi za juu zinatoa tok-tok kavu, besi inasimama peke yake, na mkono haukubadilika hata kidogo. Kisha leso ihamie chini ya nyuzi tatu za besi. Sasa wimbo wa juu unasikika uchi, na msikilizaji anagundua kwamba haukuanza pale alipodhani. Unaingia baada ya besi, kati ya hatua na hatua. Dakika hizo tatu ndizo watu watazirudisha nyuma na kuzisikiliza tena. Zichukuliwe mara mbili.

Chupa ya soda inayogongwa kwa msumari au kisu, desturi ya zamani ya kusindikiza gitaa hili, ikae mita mbili nyuma ya mpigaji. Karibu zaidi ya hapo inapasua kila kitu, na kipimo cha sauti cha kinasa hakiwahi kuionyesha kwa sababu mlio wake ni mfupi mno.

Mazungumzo baadaye, kwa maiki ya shati. Tatizo la lugha yetu ni adabu yake: mzee akisema, wewe unaitikia. Ee. Ndiyo, papa. Kabisa. Kumnyamazia ni kama kumgeuzia mgongo. Lakini kila «ee» imelala juu ya neno lake na haitoki. Mwambie mapema: «Papa, nitakuwa naitikia kwa kichwa tu, mashini inasikia kila kitu.» Anaelewa, na baada ya dakika mbili anaanza kuzungumza na macho yako.

Maswali ya historia ya muziki yanaleta hotuba. Maswali ya mkono yanaleta wimbo. «Nani alikuonyesha hii? Mlikuwa mumekaa wapi? Yeye alikuwa anaishika hivi au vingine?» Na likija jibu zuri la kuonyesha badala ya kusema, ombi moja tu, kwa Kiswahili cha huku: «Tunalomba urudilie, pole pole», yaani tunaomba urudie.

Ijumaa, Bunkeya

Barabara ya vumbi kuelekea kaskazini, asubuhi nzima. Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, aliyetoka Usumbwa, Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Bayeke. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Ukoo wa Mwenda, wa Bosco wa jana, ni wa hapa, kwa hiyo msikilizaji wa Tabora au Kahama ana mengi ya kusikia kwenye kipindi hiki kuliko anavyodhani.

Hakirekodiwi kitu kabla ya kupita kwa chifu, Mwami wa Bayeke, au kwa wale anaowatuma. Barua fupi ya ukurasa mmoja, ikisema ninyi ni nani, mnarekodi nini, mtapeleka wapi, nakala itarudi lini. Kusubiri ni sehemu ya ratiba. Siku hii isiwekewe kazi nyingine.

Kwaya na ngoma nje, mchana ukiisha. Maiki mita mbili juu ya ardhi, mita tatu hadi nne kutoka mstari wa mbele, manyoya ya upepo yamevaliwa. Kinasa kiwashwe sekunde 30 kabla na kiachwe sekunde kumi baada ya ngoma ya mwisho. Makofi na vigelegele vya mwisho visikatwe na kidole chenye haraka. Kabla ya kuondoka, dakika moja ya mahali penyewe, watu wote kimya. Bila hiyo, kila mkato wa uhariri utasikika kama mlango.

Jumamosi, kurudi, na karatasi

Njiani kuna muda wa haki, jambo ambalo vipindi vingi huliacha mpaka barua ifike.

Kuna haki mbili na hazifanani. Ya kwanza ni ya utunzi. Sheria ya Kongo nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mtunzi aliyekufa 1990 bado analindwa hadi 2040, hata kama wimbo wake unapigwa kila baa. Mlango wa kugonga ni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, na familia. Ya pili ni ya rekodi yenyewe. Rekodi za Tracey ziko kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, sasa ndani ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini, na ruhusa inaombwa huko kwa maandishi. Kwamba wimbo uko YouTube haimaanishi chochote.

Njia nyepesi, na kwa kipindi hiki ndiyo bora: usitumie rekodi ya zamani. Tumia ya Alhamisi. Mpigaji ameridhia kwa sauti, kwenye kinasa, kwa lugha yake, akitaja jina lake na wimbo, na kwamba ni kwa podikasti, si kwa kuuza. Malipo yake ya siku yalikubaliwa kabla hajakaza waya wa kwanza, na karatasi ya makubaliano inasema ikija biashara nyingine, mkataba mwingine.

Jumapili, Lubumbashi: meza

Nakala tatu kwanza: kompyuta, diski ya nje, na moja kwa mtu mwingine anayelala nyumba nyingine. Kadi zisifutwe wiki nzima.

Muziki usipitishwe kwenye programu ya kuondoa kelele. Ule mkwaruzo wa karindula, na vibati vinavyotetemeka kwenye likembe (kinanda cha vidole gumba), programu inauona kama uchafu, inaukula, na ala inabaki imefuliwa. Sauti ya mtangazaji inaweza kusafishwa na kukatwa besi Hz 80. Muziki, hapana. Wala usiminywe ili ulingane na maneno. Ushushwe desibeli moja au mbili chini ya sauti ya msemaji, basi.

Mtangazaji asiingie juu ya sekunde 20 za kwanza za gitaa. Hapo ndipo mpigaji anaonyesha besi yake kabla ya kuimba, na ndipo watangazaji wote hupenda kusema «karibuni tena».

Kiwango cha jumla ni LUFS −16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa stirio, kilele kisipite desibeli −1. Faili ya MP3 ya kbps 96, dakika 35, inafika MB 25. Ya kbps 64, mono badala ya stirio, MB 17 hivi. Zitolewe zote mbili. Anayenunua mega za siku atachukua ndogo, na si haki kumlaumu. Kwa WhatsApp itumwe kama hati, si kama sauti, la sivyo inaweza kubanwa mara ya pili na mguso wa kidole ukageuka mchanga. Picha ya jalada iwe mraba wa pikseli 3,000. Maelezo ya kipindi yabebe safu zote saba za daftari, jina la mpigaji likiwa juu ya jina la mtangazaji.

Mwisho, kadi ndogo tatu za GB 8, kila moja na nyimbo zote nzima, zisizokatwa, kwa MP3, maana zitaingia kwenye redio za kadi na si kwenye kompyuta. Moja Katuba, moja Likasi, moja Bunkeya. Ya Bunkeya ipewe dereva wa Jumatatu, ndani ya bahasha ngumu, na jina la mpokeaji liandikwe pande zote mbili.